Wakuu, msimamizi kaikataa tasnifu yangu, nifanyeje?

Binti wa Ilala: Habari zenu wakuu. Nasoma uzamili hapa Dar, naandika kuhusu uongozi kwenye bohari moja ya nafaka. Msimamizi anataka nigawe dodoso tu, wafanyakazi wampe kiongozi alama 0 hadi 4, nipige hesabu. Mimi nataka kuuliza kwa nini sifa zote anapewa bosi. Mtafiti wa uongozi Meindl na wenzake walishaonyesha 1985 kwamba kampuni ikipaa au ikianguka, watu humtazama kiongozi na kusahau mengine. Nibadili mada au msimamizi?

Kaka Joho: Gawa dodoso uhitimu. Mimi nilibishana na wangu, mtoto akaanza darasa la kwanza sijavaa joho.

Mzee Magomeni: Mwanangu, swali lako ni la hapa hapa. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha enzi hizo, ulimkataza kiongozi majivuno na dharau, wafanyakazi wakaushika kwelikweli. 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel, kiwanda cha mpira hapa Dar, walikitwaa wakakiendesha wenyewe. Pale dodoso lingempa nani alama?

Mama Wawili: Mbona husemi bohari ni ya nani?

Binti wa Ilala: Ndipo ninapofanya kazi. Bosi ndiye ananilipia ada.

Mama Wawili: Eh, mdogo wangu! Na wewe umenyamaza!

Binti wa Ilala: Dada, makuli kumi na mmoja nimeshawahoji. Mmoja alinifungulia viganja, ngozi imechunika, akasema, "Ripoti ya mwaka inasema mafanikio ni maono ya mkurugenzi. Maono hayabebi gunia." Nitayafukiaje maneno hayo? Majina nitaficha.

Jicho Kali: Hii chai. Kuli gani anasoma ripoti ya mwaka?

Binti wa Ilala: Imebandikwa ukutani pale kwenye mizani. Wanasimama mbele yake kutwa nzima.

Mzee Magomeni: Jicho Kali, hapo ndipo penye ugonjwa. Tunaamini anayebeba hana la kusema juu ya anayeagiza.

Mama Wawili: Hayo sawa. Lakini watu kumi na mmoja, bosi atawajua kwa usemi tu, hata bila majina. Kibali cha utafiti unacho?

Binti wa Ilala: Cha dodoso ninacho. Cha mahojiano sijaomba.