Gari ya wazi Unguja: Roadster ya turubai, Roadster ya paa gumu, MR-S au Copen? Tuzungumzie upepo

mwana_bububu
Assalam alaykum wakubwa. Nataka kuagiza gari ya wazi kutoka Japani, bei nshapiga hesabu, kodi ya bandarini nshauliza, hayo naomba tuyaache. Suala langu ni upepo tu. Nimebakiwa na nne, Mazda Roadster NB (lile toleo la pili) ya turubai, NB hiyohiyo lakini yenye paa gumu la kubandua, Toyota MR-S, na Daihatsu Copen ya 660cc ambayo paa lake gumu linajikunja kwa umeme. Safari zangu ni mjini na Paje, sa nyengine Nungwi. Na mama watoto kashanambia gari itakayomvua mtandio njiani yeye hapandi, na mie siipandi peke yangu. Ipi imetulia kwenye hewa? Na zile spoila kubwa za nyuma, yale mabawa ya juu ya buti, zina kazi au pambo?

fundi_amani
Waalaykum salaam shekhe. Tutenganishe mambo matatu maana watu huyachanganya. Kuna hewa inayoizuia gari isende mbele, kuna hewa inayoinyanyua gari juu, na kuna hewa inayorudi ndani kwenye viti. La mtandio ni hilo la tatu, na namba za Cd, yaani kipimo cha umbo la gari linavyozuiwa na hewa, hazikwambii kitu juu yake.

Tuanze na kuzuia. NB paa limefungwa Cd yake ni 0.36, ile NA ya kwanza ya 1989 yenye taa za kuchomoza ilikuwa 0.38, Porsche Boxster ya kwanza ya 1996 ni 0.31. Tizama vizuri, hizo zote zinapimwa paa limefungwa, ukifungua zinapanda, kwa sababu hewa ikishavuka ukingo wa juu wa kioo cha mbele haina tena pa kushikilia, inaachana na gari na kuanza kuzunguka hovyo juu ya viti, na kule kuzunguka injini yako ndo inayokulipia. Sasa ukali wake unategemea mwendo. Chukua 0.36, eneo la mbele la gari tuseme mita za mraba 1.7, hewa yetu ya joto ya pwani kama kilo 1.16 kwa mita ya ujazo. Kwenye 80 km/h inatoka kama nyutoni 175, sawa na kilo 18 zinakusukuma kurudi nyuma, nguvu ya injini inayoliwa hapo ni farasi 5 tu. Kwenye 120 inafika nyutoni 394 na farasi 18. Mwendo umeongezeka kwa nusu, farasi zimezidi mara tatu na zaidi. Nani huku anakwenda 120 na akabaki salama? Ukitoka Tunguu mara vijiji, mara Jozani matuta ya kuwalinda kima punju, wapi utaifikisha.

paje_kite
Fundi umesahau upepo wenyewe wa Mungu. Mie nakaa Paje, msimu wa kusi mtu akitoka mjini kuja huku anaelekea nao uso kwa uso. Gari 60, kusi 30, gari inaona hewa ya 90, na kwa kuwa nguvu ya hewa inakwenda kwa mraba wa mwendo basi mzigo wa hewa ni mara mbili na robo kuliko siku imetulia. Kurudi mjini hewa unaiona 30 tu, mzigo ni robo. Kaskazi kinyume chake, hapo safari ya Nungwi ndo unakutana nao. Kwa hiyo mtu akikwambia gari yake inakunywa mafuta kwenda na hainywi kurudi msimwite muongo.
Halafu njia ya Paje mpaka Jambiani upepo unatoka baharini, unakupiga ubavu. Hapo mie naiogopea Copen, ni nyembamba na nyepesi, kilo 800 na kidogo.

mpemba_wa_chake
Hiyo Copen msiionee. Ni fupi, ubavu wenyewe ni mdogo, upepo haupati pakubwa pa kushika. Mie ndugu yangu anayo huku Pemba, barabara ya Chake kwenda Wete ina kona na vilima, mwendo ni wa kadiri na gari inakaa vizuri. Na paa lake likifungwa limefungwa kweli, mvua ya masika haiingii na turubai la kupasuka hakuna. Kwa mtu wa visiwani bora paa gumu kuliko kitambaa, jua na chumvi vinakula kitambaa.

fundi_amani
Hapo kwenye paa gumu nakubaliana na ndugu yangu wa Chake, na sababu si chumvi tu. Hewa inayopita juu ya mviringo wa paa inakwenda mbio, na ikenda mbio mgandamizo wake unashuka, ndani ya gari mgandamizo umebaki juu, basi turubai linasukumwa kutoka ndani linajaa kama tanga la dau. Likishajaa umbo limebadilika, hewa inasumbuka zaidi na kelele inazidi. Paa gumu halijai. Kwenye 60 huoni tofauti, kwenye 110 unaisikia masikioni.
Tatizo la paa gumu la kubandua la NB ni kuwa ukishaliacha nyumbani umeliacha. Kulitoa kunataka watu wawili, na mvua ikikukuta Kitogani huna la kufanya, labda kama turubai la asili halijatolewa chini yake. Muulize muuzaji hilo kabla hujalipa.

mbweni_turbo
Mbona hamsemi habari ya kunyanyuka? Gari hizi hewa huzinyanyua nyuma. Audi TT za mwanzo zilipata ajali mbaya Ujerumani kwenye mwendo mkubwa, Audi wakaziita zote zirudi zikafungwa spoila nyuma, zikatiwa ESP, mtambo wa kuizuia gari isiteleze, na kurekebishwa sapenshini. Boxster nayo ina spoila inayojitoa wenyewe ikifika 120. Wahandisi hawatii vitu bure. Mie nasema chukua NB, funga bawa kubwa la nyuma, umemaliza.

fundi_amani
Mfano wako ni wa kweli ila soma hizo namba zenyewe. Spoila ya Boxster inajitoa kwenye 120, maana yake Porsche wenyewe wameona chini ya hapo haina haja. Na TT ilikuwa mambo ya otobani, zile barabara kuu za mbio za Ujerumani, mtu anabadilisha njia ghafla kwenye mwendo ambao Unguja hakuna barabara ya kuutia. Kunyanyuka nako ni mraba wa mwendo, kwenye 60 ni robo ya kilichopo kwenye 120.
Na bawa kubwa kwenye gari ya wazi lina shida yake peke yake. Hewa inayolifikia imeshavurugwa na viti na vichwa vyenu, bawa linataka hewa iliyonyooka, hapo halipati. Tizama Honda walivyofanya na gari yao ya wazi S2000 CR ya Marekani mwaka 2007, walipotaka gari ikandamizwe chini kweli walitia bawa nyuma na midomo mbele, LAKINI turubai walilitoa kabisa wakafunga paa la alumini. Na mbele hawakuisahau, maana ukikandamiza nyuma peke yake mbele inakuwa nyepesi na usukani unalegea. Hilo kwenye MR-S ni zaidi, injini iko nyuma ya viti na mbele tayari ni nyepesi. Ukitaka kitu tia kile kimdomo kidogo cha ukingoni mwa buti, kinaipunguza mbio hewa ya juu ya buti, mgandamizo unapanda kidogo, basi.

binti_wete
Kaka zangu mmepiga hesabu nzuri lakini mwenye mtandio hamjamjibu. Naingia hizi gari kama abiria na nakwambia upepo wa gari ya wazi hauji usoni, UNATOKA NYUMA. Ile hewa iliyovuka kioo inashuka nyuma ya viti, inageuka, inarudi mbele katikati ya viti viwili na kukupiga kisogoni, ndo mtandio unakuja usoni badala ya kwenda nyuma. Kwa hiyo dawa iko nyuma. Ule wavu wa kusimamisha nyuma ya viti, Mercedes waliutia kwenye SL ya 1989, na leo unapatikana kwa Roadster na MR-S bei ndogo. Kisha vioo vya milango vipandishwe vyote, watu wanafungua paa na vioo pamoja halafu wanashangaa. Na siti irudi chini kadiri inavyowezekana, mtu mrefu kichwa kinapita ukingo wa kioo na hapo wavu haumsaidii.
Bi mkubwa akifunga mtandio kwa pini, wavu upo, vioo juu, mwendo 60, anafika Paje hajauliza kitu.

mwana_bububu
Ahsante sana dada, hilo la kisogo mama watoto kanambia vilevile na mie nikadhani anasingizia. Fundi, kwa hiyo kati ya nne?

fundi_amani
Kwa safari zako NB ya turubai zima, yenye wavu, vioo vyake vizima na raba za ukingo wa kioo cha mbele hazijakatika. NB kioo cha nyuma ni cha kioo kweli, si plastiki kama NA, hakitafifia na jua. Chaguo la pili ni Copen kama unataka kufungua na kufunga kila mara, ila paa likikunjwa buti limekwisha, mizigo ya Paje utaweka mapajani. MR-S ni gari nzuri na injini yake 1ZZ mafundi wote wanaijua, wamezizoea kwenye Premio na Allion, tatizo ni mizigo tu, pa kuweka kitu ni padogo mno.

mbweni_turbo
Bado nasema NB na bawa ingetosha. Ila hilo la S2000 kutolewa turubai nakubali, nimekwenda kutizama picha.

binti_wete
Mwana Bububu, picha za muuzaji ziombe paa likiwa nusu limefunguka, mikunjo ndo inaonyesha turubai limechoka wapi. Na uliza kama wavu unakuja na gari.