Mzee hataki kuzoea Dar, nifanyeje?

Mwana Ngamiani
Wakuu, salaam. Naomba ushauri, nimekwama kweli.

Baada ya Idi nilimchukua Mzee wangu kutoka Tanga aje aishi na sisi huku Goba. Ana miaka 78, mkewe alishatangulia mbele ya haki, na sukari anayo. Kwangu hakosi kitu: chumba chenye choo ndani, king'amuzi, mke wangu anamheshimu, wajukuu wapo. Lakini Mzee haongei. Saa 11 kasoro alfajiri yuko macho, kavaa kanzu na kofia, kakaa kwenye kigoda karibu na geti mpaka jua linatoka. Mke wangu anamchemshia kahawa na kumwekea kwenye chupa. Anamimina kikombe, anakishika kishikeshike, anakiweka chini. Kinarudi jikoni vile vile. Alikuja na bao lake, liko uvunguni.

Nifanye nini azoee? Nimefikiria kumnunulia simu kubwa awe anaangalia video. Nawasilisha.

Kitunguu Maji
Mwozeshe. Mtafutie mama mtu mzima wa Kimakonde, wiki mbili tu utamsikia anaimba bafuni.

Mchagga wa Tabata
Pole mkuu. Mimi nilimleta mama kutoka Rombo. Kule alikuwa na kihamba chake, akiamka anakata majani ya ng'ombe, anapalilia migomba, anamgombeza jirani kuhusu mfereji. Huku Tabata nilimwekea sofa. Siku moja narudi kazini nakuta maua yote ya mke wangu yameng'olewa, kapanda mchicha. Nyumba ilikuwa moto, sitaki hata kukumbuka. Nikamnunulia mbuzi wawili. Mpaka leo anawasema wale mbuzi kwa Kirombo kutwa nzima, na presha imetulia. Mpe Mzee kazi.

Nesi wa Zamu
Mleta mada, kabla ya simu na mbuzi, tuambie Tanga alikuwa anafanya nini kutwa. Anza asubuhi mpaka anapolala.

Mwana Ngamiani
Dada Nesi, hakuwa na kazi, ni mambo ya wazee tu. Akitoka msikitini anapitia kwenye kahawa. Pale muuzaji anawajua wote. Anachukua kashata moja ya karanga, anaivunja, nusu anatia mfukoni kwa ajili ya mtoto wa jirani. Mmoja anasoma gazeti kwa sauti, wengine wanabisha. Wote ni Coastal Union isipokuwa mzee mmoja wa African Sports, na ubingwa wa Coastal wa 1988 hawajamaliza kuuzungumza hadi leo. Jua likipanda anapanda baiskeli, anateremka soko la Deep Sea kuangalia samaki. Hanunui kila siku, ila lazima aulize bei na kuambia watu kwamba ni ghali. Adhuhuri akishaswali anajinyoosha. Alasiri ni bao mpaka Magharibi. Usiku taarifa ya habari ya saa 2, TBC Taifa, redio imelala mkekani karibu na sikio lake. Basi.

Nesi wa Zamu
Hayo unayoyaita mambo ya wazee tu ndiyo yaliyokuwa yanamweka vizuri. Baiskeli ilikuwa inamtibu, misuli ikifanya kazi inatumia sukari. Kahawa chungu isiyotiwa sukari haina ugomvi na ugonjwa wake, wa kuangaliwa ni kashata, nayo nusu anampa mtoto! Sasa yuko getini kakaa. Usishangae kipimo kikapanda kuliko alipokuwa kwake.

Jambo la pili ulichukulie kwa uzito. Mzee akiwa kimya, hali chakula, anaamka usiku mkubwa, msikimbilie kusema ni ugeni. Sonona (depression) kwa watu wazima huingia hivyo hivyo kimyakimya. Mpeleke hospitali, dirisha la wazee lipo, na umweleze daktari mambo hayo yote, usitaje sukari peke yake.

Binti Kisauni
Sisi huku Mombasa babangu ana kahawa yake tungu na kipande cha haluwa pale Mji wa Kale, na huwezi kumwambia kitu. Ndugu zangu wako Muscat walimpeleka kule, nyumba ya baridi, gari, kila kitu. Alirudi. Alisema kule kahawa ni nzuri sana lakini hana wa kumtania. Kaka, hicho kikombe mkeo anachompelekea hakina kosa. Mzee anakunywa na watu.

Kete ya Namua
Hilo bao uvunguni limeniumiza. Wewe unacheza? Hata kama hujui, kaa naye akufundishe. Kete 64, kila mtu aanze na 10 ubaoni na 22 mkononi za kunamua, yaani kuzitia ubaoni moja moja, mzee hawezi kunyamaza akiona mtoto anaharibu nyumba yake, lile shimo kuu la mstari wa mbele. Atakutukana, na matusi ni dalili nzuri.

Halafu swali ambalo hakuna aliyeuliza: kwa nini asirudi Tanga?

Mwana Ngamiani
Kurudi si rahisi mkuu, umri umekwenda. Ushauri wa bao nimeupokea.

Kete ya Namua
Sijauliza umri. Nyumba ya Tanga ina nani sasa hivi?

Mwana Ngamiani
Sikutaka kufika huko. Mwezi wa Ramadhani Mzee alianguka na baiskeli karibu na soko, akakaa barabarani mpaka wapita njia wakamwinua. Nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Mngekuwa nyinyi mngemwacha?

Nyumba kuna mfanyabiashara wa jumla ameichukua yote iwe stoo. Kodi ya mwaka kashalipa, na pesa imeshaingia kwenye ada za watoto na bati za kuezekea. Baraza ya mbele ataiziba kwa nondo magunia yasiibiwe. Anaanza mwisho wa mwezi. Mzee hajaambiwa.

Msinihukumu. Ile nyumba ni ya udongo, inakula pesa. Dawa nanunua mimi, chakula natoa mimi, na Mzee akianguka tena ni mimi nitakayepigiwa.

Mama Salama
Astaghfirullah. Hajaambiwa! Wanaume mnapenda kuwafanya wazazi mizigo ya kuhamisha. Mzazi haulizwi kwa maneno, huulizwa kwa adabu, na jibu lake linafuatwa.

Mlinzi wa Usiku
Mama Salama punguza. Kijana katoa hoja, mzee kaanguka. Wangapi humu wamewaacha wazazi kijijini wanatuma elfu ishirini kwa mwezi halafu wanakuja kutufundisha adabu?

Fundi Sirili
Wakuu mnamaliza bando bure. Nimepekua nyuzi zake za nyuma. Mwaka jana huyu huyu alifungua uzi anauliza utaratibu wa mahakama ya mwanzo: "baba yangu amefariki, ndugu wamenichagua niwe msimamizi wa mirathi." Leo baba yuko Goba anasusia kahawa. Chai hii, hadithi ya kutunga.

Kitunguu Maji
Marehemu anacheza bao! Nilijua tu, ile kashata ya nusu ilikuwa imepambwa mno.

Mchagga wa Tabata
Na mimi nimeeleza habari za mama yangu humu. Mods fungeni uzi.

Mwana Ngamiani
Si chai. Aliyefariki ni baba aliyenizaa. Huyu ni baba mkubwa, kaka yake. Baba alikuwa mtu wa meli, nyumbani alipita tu. Aliyenipeleka darasa la kwanza kwenye mtalimbo wa baiskeli ni huyu, na kwetu ni baba, simwiti vingine. Nyumba aliijenga baba yangu, aliyeishi na kuitunza miaka yote ni Mzee. Sikuandika kwa sababu nilijua mtaacha habari ya Mzee mshike mirathi.

Ustaadh Kibaha
Basi tuishike kidogo. Kwa mirathi yetu ya Kiislamu, kaka wa marehemu harithi akiwepo mtoto wa kiume. Labda baba yako angemuusia kitu ndani ya theluthi. Kwa hiyo nyumba ni yako, hapo huna hatia. Lakini mtu aliyekulea ndani ya kuta hizo umemtoa kwa jina la sukari na huku nyuma umepokea kodi. Mweleze leo, kabla hajaelezwa na mtu wa kahawa kwa simu.

Mwana Ngamiani
Sukari ipo na kuanguka kupo, Ustaadh. Sikubuni ugonjwa.

Wa Chumbageni
Niko Tanga. Nyumba za Ngamiani kama hiyo zina vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Stoo gani inakula vyote? Halafu ngoja: hilo bao la alasiri, lilikuwa linachezwa wapi?

Mwana Ngamiani
Barazani kwetu.

Wa Chumbageni
Kwa hiyo nondo zinawatoa wazee wote, si Mzee wako tu. Ongea na mpangaji mapema, fundi hajaanza. Vyumba vya mbele achukue, vya uani mwachie Mzee viwili, apate kijana wa kulala naye. Baraza ibaki wazi. Baiskeli, ndiyo, auze. Bajaji ya kwenda Deep Sea haimshindi mtu.

Mwana Ngamiani
Nimempigia. Vyumba viwili vya uani anaweza kuachia nikimrudishia sehemu ya kodi. Baraza hataki kusikia, anasema magunia hayalindwi na wazee. Nitapanda basi wiki ijayo tuongee uso kwa uso. Sijaahidi kitu.

Kete ya Namua
Wakati unajadiliana naye, Jumamosi mlete Mzee Magomeni saa 10 jioni. Tupo watu wazima wa Mafia, Kilwa, na Mdigo mmoja wa kwenu. Kahawa ipo. Aje na bao lake, letu limepasuka.

Mwana Ngamiani
Nimemwambia. Kauliza swali moja tu: mnacheza la kiswahili au la kujifunza?

Kete ya Namua
Mwambie la kiswahili. Na mwambie Mdigo anasema watu wa Ngamiani hawajui kutakata wakikosa kete ya kula.