Wanawake waliotengeneza ndege Vita vya Pili: walifunguliwa mlango au walitumika tu?

Mwanzisha mada: Wakuu habari. Nimesoma habari za kiwanda cha Ford pale Willow Run, Michigan. 1944 walikuwa wanatoa ndege ya mabomu ya B-24 moja karibu kila saa, na kama theluthi ya wafanyakazi ni wanawake. Vita kuisha wengi wakarudishwa jikoni. Mi naona walitumika tu, nyie mnasemaje?

Msemakweli: Walitumika wapi, si walilipwa hela ambayo hawajawahi kuishika. Halafu tusikuze mambo, kupiga ribiti, vile vipini vya chuma vya kushikanisha mabati ya ndege, kazi nyepesi.

Dada Makanika: Nyepesi?? Nina miaka tisa gereji, nisikilize. Ribiti wanapiga watu wawili, mmoja nje na bunduki ya upepo, mwenzake kajikunja ndani ya bawa kashikilia chuma kizito upande wa pili, kelele zile masikio yanalia mpaka usiku, ikikaa upande inatobolewa na drili mnaanza upya. Na B-24 moja ina ribiti zaidi ya 300,000. Shinda nayo siku moja ndo uje uandike nyepesi.

Msemakweli: Dada usinipandishie. Nimelinganisha na injini, injini ilikuwa ya wanaume.

Mzee wa Kumbukumbu: Mdogo wangu, hapo umeteleza. Spitfire na Hurricane, ndege za kivita za Waingereza, zikiinamisha pua ghafla kabureta ilikuwa inavurugika injini inakata, na Mjerumani yuko palepale. 1941 Beatrice Shilling, injinia wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, akabuni kipete chenye tundu cha kubana mafuta, akazunguka kwenye viwanja na timu yake wanazifunga. Na Urusi kikosi cha 588 cha ndege za mabomu kilikuwa wanawake watupu, hadi makanika na wapakia mabomu, usiku wa baridi, kwa mikono.

Msemakweli: Huyo Shilling mmoja tu.

Dada Makanika: Mmoja tu! Ndo nililoambiwa siku ya kwanza kazini, mteja kakataa gari lake nisiliguse, sijasahau mpaka leo.

Mpita njia: Jamani turudi kwenye hela. Hillington, karibu na Glasgow, 1943 wanawake wa kiwanda cha injini za ndege cha Rolls-Royce waligoma kwa sababu kazi ileile mwanaume analipwa zaidi, na wanaume wengi wakatoka nao. Sasa hiyo hela ya kushukuru ni ipi?

Msemakweli: La Glasgow nakubali. Ila nyepesi sikusema kwa dharau.

Dada Makanika: Ulisema. Panda juu usome.