Kufuatilia matetemeko tukiwa Lubumbashi

Swali
Ndugu zangu, jana alasiri madirisha yalitikisika, lakini orodha ya USGS, shirika la Marekani linalofuatilia matetemeko ya ardhi, haionyeshi tetemeko lolote karibu nasi. Je, nimekosea kutafuta?

Jibu
Hujakosea, ndugu. Mahali penye vituo vichache vya kupimia, mtikisiko ulio chini ya kipimo cha 4 huweza kupita bila kuandikwa. Tena migodi yetu hulipua miamba mchana, kwa hiyo andika saa kamili kila unapoutambua, kisha ulinganishe siku kwa siku.

Jibu
Ukiona saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ongeza 2 upate saa zetu. Panua pia eneo la kutafuta hadi kilomita 700, kwa maana tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye kipimo cha 6.8, lilitokea Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie.

Muulizaji
Asanteni. Sikuwa nimeongeza saa hizo, naangalia upya.