Naomba ushauri: nianzie mechi ipi kuielewa Detroit Lions, na je, kocha alikosea kukataa pointi 3?

Zamu ya Usiku (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Niko Grand Rapids, Michigan, kazi yangu ni ghalani. Huku habari ya mjini ni Detroit Lions, timu ya mpira wa Kimarekani (ule wa kushika kwa mikono), na mimi niliyekulia Simba na Yanga wakati wa mapumziko nabaki kutoa macho tu. Kanuni nimeshazishika: majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, la nne timu nyingi huupiga mbali au hutafuta pointi 3 kwa teke la katikati ya nguzo. Ninachokosa ni historia. Wenzangu wamegawanyika kuhusu fainali ya NFC (moja ya kanda mbili za ligi, mshindi huenda fainali kuu, Super Bowl) ya Januari 2024 dhidi ya San Francisco 49ers, wawili hata salamu ni za kulazimishana. Nianzie wapi ili nami nichangie? Na kocha wa Lions, Dan Campbell, alikosea au alionewa?

Mtoro wa Ilala
Hamia mpira wa kikapu, mkuu. Hawa mwaka 2008 walifungwa mechi zote 16.

Mama Wawili
Achana naye huyo, kaka. Anza na mechi ya ufunguzi, Septemba 2023, ugenini kwa Kansas City Chiefs waliokuwa mabingwa watetezi. Bado ni 0-0, Lions wako yadi 17 tu kutoka mstari wao wenyewe, jaribio la nne. Kila mtu anajua wataupiga mbali. Wakajifanya wanapiga, kumbe mpira kapewa mtu akakimbia nao, wakaendelea hadi tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, pointi 6). Waliondoka na ushindi wa 21-20. Hapo ndipo utakapomjua Campbell.

Kisha ruka hadi mtoano. Elewa kwamba hakuna marudiano, ukifungwa mara moja unafungasha. Mechi ya kwanza ilikuwa na Rams, pale Ford Field. Mrusha mpira wa Rams, Matthew Stafford, aliitumikia Detroit miaka 12 bila kushinda hata mechi moja ya mtoano, akapelekwa Rams kwa kubadilishana na mrusha mpira wao, Jared Goff, na msimu wake wa kwanza tu huko Stafford akabeba Super Bowl. Siku hiyo uwanja ulimzomea Stafford na kuimba jina la Goff. 24-23. Ushindi wa kwanza wa mtoano tangu Januari 1992! Wazee walilia, sitanii. Buccaneers waliofuata walikufa 31-23, hiyo unaweza kuipita.

Kocha wa Kijiweni
Sasa kwenye kesi yenyewe. Mapumziko Lions 24, 49ers 7. Kipindi cha pili ikawa 24-10, Lions wako yadi ya 28 upande wa 49ers, jaribio la nne, zimebaki yadi 2. Teke lingewapa 27-10. Campbell akakataa, Goff akarusha, mdakaji wake Josh Reynolds akaudondosha. Dakika chache baadaye mpira mrefu wa 49ers ukamgonga beki wa Lions kwenye kofia, ukaruka juu, Brandon Aiyuk wa 49ers akaudaka. Jahmyr Gibbs, mkimbiaji wa Lions, naye akapoteza mpira. 24-24. Robo ya mwisho wakiwa nyuma 27-24 akakataa tena teke la kusawazisha, wakakosa. Wakafa 34-31. Kwangu mimi lile la pili halina utetezi.

Mama Wawili
Utetezi upo. Teke la yadi 48 si mkwaju wa penalti. Na Reynolds angeudaka ule mpira, leo ungemwita Campbell shujaa. Yeye mwenyewe alisema hajutii.

Kocha wa Kijiweni
Dada, ushujaa haumo kwenye ubao wa matokeo. Msimu uliofuata wakashinda 15 kati ya 17, wakaongoza kanda, halafu Washington wakawapiga 45-31 nyumbani kwao.

Mama Wawili
Hutaji kwamba beki wao nyota Aidan Hutchinson alishavunjika mguu Oktoba na nusu ya walinzi walikuwa majeruhi?

Zamu ya Usiku
Nawashukuru. Niko upande wa dada kwa jaribio la kwanza, upande wa Kocha wa Kijiweni kwa la pili. Nitaanza na ile ya Kansas City nikitoka kazini. Kuna jambo la kuepuka huko mezani?

Mama Wawili
Lipo. Usimuulize mtu habari ya mechi dhidi ya Dallas Cowboys ya Desemba 2023, ile pointi 2 za ushindi walizofutiwa na waamuzi wakafa 20-19. Subiri amalize kula kwanza.