Nimelipa milioni 63 fleti haijaisha, nataka kutoka kwenye mkataba wanasema wananikata dola 10,000

Wakuu habari za muda huu.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu. Leo nauacha hivihivi maana nimechoka kubembeleza hela yangu mwenyewe kama ombaomba. Jina la kampuni sitaji, wakili kanikataza kwa sababu tumeshawapa notisi, kwaiyo msinibane hapo.

Iko hivi. Februari 2022 mimi na mke wangu tulisaini mkataba wa fleti ya vyumba viwili upande wa Goba, Dar, jengo ndo kwanza limetoka kwenye msingi. Bei dola 50,000. Kianzio asilimia 30, yaani dola 15,000, kipindi hicho dola inacheza kwenye 2,310, ikatutoka milioni 34 na laki sita na nusu kwa mkupuo. Kuipata hiyo hela tuliuza kiwanja chetu cha Chanika, na mke wangu akachukua mkopo kwenye SACCOS ya kazini kwao ambao mpaka leo ninavyoandika bado unakatwa kwenye mshahara wake. Baada ya hapo dola 600 kila mwezi na kila mwezi wanapiga kwa reti ya siku, tulianza na milioni moja na laki tatu themanini hivi, tunafika mwezi wa ishirini inagonga milioni na nusu, na mshahara uko palepale. Hatukuchelewesha hata mwezi mmoja. Risiti zote ninazo kwenye faili.

Tulichagua ya chini kabisa kwa ajili ya mama mkwe. Miguu inamsumbua, ngazi hawezi, mpango ulikuwa aje akae na sisi kutoka Muheza. Kila Idi anauliza wanangu mmeshahamia? Sina cha kumjibu.

Mkataba ulisema tunakabidhiwa ndani ya miezi 18, maana yake Agosti 2023. Julai 2023 naenda saiti nakuta gorofa ya tatu imeishia kwenye nguzo, nondo zimesimama zimeshika kutu, fundi hakuna hata mmoja, yupo mlinzi tu. Nikampigia yule dada wa mauzo, ambaye wakati tunanunua alikuwa anapiga yeye asubuhi na jioni, akasema kuna changamoto ndogo ya vifaa mtaletewa barua. Barua ikaja kweli, na hiyo barua ndo iliyonifanya nije hapa, hii sehemu naombeni muisome taratibu.

Ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, wanaomba radhi, wanaomba waongezewe miezi sita, halafu chini kuna mahali pa mteja kusaini kwamba amepokea na ameridhia. Tukasaini. Tuliona ni watu wameongea kiungwana, miezi sita siyo mingi, hatukuwa na wakili wala hatukuona haja ya wakili. Juzi wakili ananisomea kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, jasho likanitoka. Kama muda ulikuwa jambo la msingi kwenye makubaliano na mwenzako akashindwa kutimiza kwa wakati, hiari ya kuuvunja mkataba ni yako. Sawa. Lakini ukishakubali akutimizie nje ya muda, fidia ya ule ucheleweshaji huwezi kumdai tena, mpaka uwe ulimpa taarifa palepale wakati unakubali kwamba utaidai. Sisi tuliandika tumeridhia! Na tangu Septemba 2023 mpaka Septemba 2025 nimelipa kodi Tabata laki tatu na nusu mara miezi 25, ni milioni 8 na laki saba na nusu, na ile saini yetu ndo watakayoishikilia kila nikitaka kuidai.

Kwaiyo ukiletewa barua ya kuongeza muda usisaini siku hiyohiyo. Ipeleke nyumbani. Ukilazimika kusaini andika kwa mkono wako kwamba umepokea tu na haki zako zote za kudai fidia ziko palepale, saini, piga picha. Mimi hakuna aliyeniambia hili.

Turudi kwenye stori. Tuliendelea kulipa mpaka Oktoba 2023, saiti hakuna kinachoendelea, Novemba nikasema sitoi tena hata shilingi mpaka nione mafundi wamerudi. Februari 2024 ile miezi sita ikaisha. Wakaleta barua nyingine, wanataka mpaka Desemba 2024. Nikakataa kusaini. Hapo ndo lugha ikabadilika, barua iliyofuata imetoka kwa mwanasheria wao inasema mimi ndiye niliyevunja mkataba kwa kuacha kulipa awamu. MIMI. Wao hawajamaliza jengo, ila mvunja mkataba ni mimi niliyelipa miezi 20 mfululizo nikitazama nondo zinaoza.

Desemba 2024 ikaja ikapita. Mwaka 2025 nikaandika barua rasmi kwamba tunataka kutoka, turudishiwe pesa yetu. Wakatuita ofisini, kiyoyozi, maji ya chupa, wakatufungulia kifungu cha 14 cha mkataba. Nakiandika kwa maneno yangu: mnunuzi akijitoa kwa sababu yoyote ile anakatwa asilimia 20. Nilijua ni asilimia 20 ya nilicholipa. Hapana. Ni asilimia 20 ya bei nzima ya fleti, dola 10,000. Tulicholipa jumla ni dola 27,000, zinabaki 17,000, na hizo 17,000 zitalipwa baada ya fleti yetu kupata mnunuzi mwingine, bila riba, bila tarehe. Nani anakuja kununua nguzo? Mke wangu akainuka akatoka nje, nilimkuta kwenye gari analia.

Na haijaishia hapo. Mnakumbuka Machi 2025 serikali ilitoa kanuni za kukataza bei na malipo ya humu nchini kufanyika kwa fedha za kigeni. Jambo zuri kabisa na limechelewa. Sasa hawa jamaa wanasema kwa kuwa dola imekatazwa watarudisha kwa shilingi, na reti watakayotumia ni ya siku tuliyosaini mkataba, 2,310. Yaani wakati wa kupokea ni reti ya siku, wakati wa kurudisha ni reti ya 2022. Piga hesabu mwenyewe, 17,000 kwa 2,310 ni milioni 39 na laki mbili sabini elfu. Kwa 2,500 tu, ambayo sisi wenyewe tuliwalipa nayo miezi ya mwisho, ni milioni 42 na nusu. Milioni tatu na zaidi zinayeyuka hivihivi mezani, juu ya zile dola 10,000. Sisi mfukoni zimetutoka kama milioni 63.

Nilipotoka pale ndo nikatafuta wakili, ningekuwa nimemtafuta Februari 2022 nisingekuwa hapa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mkataba umelipiwa ushuru wa stempu, kwa sababu usipolipiwa mahakamani haupokelewi kama ushahidi, na mwenye kuuhitaji ni wewe. Haukuwa umelipiwa. Tukaanzia hapo.

La pili akafanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya msajili wa hati. Jibu limekuja, kiwanja kiko kwenye rehani ya benki tangu 2021. Kabla hata sisi hatujasaini! Na kwenye mkataba wetu ukurasa wa pili muuzaji anathibitisha kwamba kiwanja hakina deni, rehani wala mgogoro. Nililala macho usiku ule. Maana kwenye hizi fleti, kwa ile sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, mpaka jengo liishe na mpango wake, yaani ramani ya mgawanyo wa fleti, usajiliwe ndo unapata hati ya sehemu yako. Kabla ya hapo huna hati, unayo karatasi ya mkataba, na mwenye rehani yuko mbele yako. Kampuni ikishindwa kulipa mkopo, benki inauza.

Wakili anasema kwa upande mwingine hiyo rehani ndo silaha yetu kubwa, kwa sababu kudanganywa jambo zito kama hilo kunampa aliyedanganywa hiari ya kuutengua mkataba, na hapo hatujitoi kwa kifungu cha 14, tunautengua kwa kosa lao. Na kuhusu hizo asilimia 20, kuna kifungu cha 74 cha ileile Sheria ya Mikataba, kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba kama penati siyo kwamba lazima kilipwe chote, mahakama inatoa fidia inayostahili na kile kiasi ndo mpaka wa juu. Kwaiyo ukiambiwa ofisini "umesaini, ndo imeisha", haijaisha.

Tumeshapeleka maombi ya zuio kwenye hati, ile kaveati ya kuzuia kiwanja kisihamishwe kimyakimya, na notisi ya siku 30 wamepokea, mhuri wao upo.

NYONGEZA: naona mmeuliza mengi, najibu machache.

Mkuu unayesema tungevumilia tu nyumba ipatikane, nimekuelewa lakini tumevumilia miaka miwili juu ya ile miezi 18. Na sasa najua kuna rehani. Nikimaliza kulipa dola 23,000 zilizobaki naziweka wapi, kwenye kiwanja cha benki?

Dada uliyeuliza kuhusu Baraza la Ardhi na Nyumba, na mimi nilidhani tunaenda huko. Wakili kasema dai letu ni la mkataba na kurudishiwa fedha, hatugombei nani mwenye kiwanja, kwaiyo yeye anaipeleka mahakama ya kawaida. Anasema kuna watu walifungua kesi sehemu siyo, wakahangaika mwaka mzima halafu ikafutwa wakaanza upya. Kwenu inaweza kuwa tofauti, muulize wako.

Anayesema tumuuzie mtu mwingine mkataba wetu na sisi tutoke, tuliwaza. Mkataba unataka ridhaa ya muuzaji na ada ya asilimia 3. Ila sababu ya kukataa siyo ada. Nijue kuna rehani halafu nimuuzie mwenzangu na familia yake bila kumwambia, hapana, siwezi. Na nikimwambia hanunui.

Waliosaini nyongeza ya pili ya muda, ile ya mpaka Desemba 2024, kwenye jengo hilihili, najua mko humu, wawili mmeshanitumia ujumbe. Jengo lina fleti 24. Mpaka sasa tumepatikana watano, na wanne kati ya hao watano hawakujua habari ya rehani mpaka nilipowatumia nakala ya upekuzi. Upekuzi fanyeni wenyewe pia, msitegemee wangu. Njooni na mkataba, barua zote za nyongeza na risiti. Kama tuko kumi tunagawana gharama za wakili, na mahakamani kuna utaratibu wa wengi wenye dai moja kwenda pamoja.

Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi, mahali nitamtumia kila mtu inboksi baada ya kuona ukurasa wa kwanza wa mkataba wake, samahanini kwa hilo, nimeshapigiwa simu mbili za watu wanaojifanya wateja. Notisi yetu inaisha tarehe 14.