Vijana wa Kiyahudi wanataka siku ya michezo ya majini Matema: niandae nini?

Mwongoza wageni, Uyole
Ndugu zangu, naongoza wageni hapa Mbeya. Nimepokea ombi la vijana 24 wa Kiyahudi kutoka Marekani, wa umri wa sekondari, ambao wakitoka Ruaha wangependa siku nzima ya kuogelea na kupiga kasia. Kwa kuwa bahari iko mbali nasi, nimewapendekezea Matema, Ziwa Nyasa, Ijumaa ya tarehe 17 Julai 2026. Mitumbwi na jaketi okozi nimekwisha kuulizia. Kinachonitatiza ni chakula na taratibu za dini yao.

Mpishi wa kambi, Iringa
Ndugu, kabla ya chakula, itazame upya tarehe. Sabato yao huingia Ijumaa jua linapozama, na wanaoishika hawasafiri baada ya hapo. Ukihesabu mwendo wa kurudi Mbeya kupitia Tukuyu, itawabidi watoke majini mchana wangali na hamu. Isitoshe, siku hiyo imo ndani ya siku 9 za kwanza za mwezi wao wa Av, ambamo wengi wao, hasa wenye asili ya Ulaya, huacha kuogelea kwa starehe wakiomboleza kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu. Maombolezo hayo yatafikia kilele Alhamisi ya tarehe 23, kwa hiyo waulize kama Jumatatu ya tarehe 27 inawafaa.

Samaki wao sharti awe na mapezi na magamba, hivyo kambale hafai hata umkaange vipi. Mbasa na perege wanafaa, lakini usiwapare kabla hawajawaona, kwa sababu magamba ndiyo ushahidi wao. Mchele wa Kyela hauna neno. Vyombo viwe vipya: sufuria waliyoinunua wataizamisha kwanza ziwani, ilhali vyungu vya udongo vya Wakisi havihitaji kuzamishwa. (Mara ya kwanza nilidhani wanaosha vyombo, nikawapelekea sabuni.) Moto nao uwashwe na mmoja wao, kisha wewe uendelee kupika.

Mkazi wa Kyela
Tarehe 27 ni nzuri kwa dini yao, ila ziwa halitakuwa limebadilika. Julai upepo wa kusini mashariki husukuma mawimbi hadi ncha hii ya kaskazini, na Matema ndiyo huyapokea. Mitumbwi itangulie asubuhi, na mwenye mtumbwi akisema leo hapana, msibishane naye. Waogelee penye mchanga mweupe, mbali na matete ambako konokono wa kichocho hupenda kukaa, na mbali kabisa na mdomo wa Mto Lufilio kwa sababu ya mamba. Habari ya kichocho waambie viongozi wao mapema, ili vijana wapimwe wiki kadhaa baada ya kurudi kwao.

Mwongoza wageni, Uyole
Nashukuru sana, nimewaandikia kuhusu tarehe 27. Je, wavulana na wasichana huogelea pamoja?

Mpishi wa kambi, Iringa
Hutegemea kundi. Walioshika dini sana hutenganisha, wengine hawana shida. Ufukwe ni mrefu. Tenga sehemu 2, kisha viongozi wao waamue.